Chungu Kilichokunywa Sabuni

Leo nimefungua ndoo yangu ya kuchachushia pombe nikakuta inanukia limau. Mume wangu ameiosha kwa sabuni ya vyombo, akitaka kunisaidia. Harufu hiyo ikanirudisha utotoni, nyuma ya jiko la nyanya yangu, mbele ya chungu kikubwa cha udongo.

Wiki iliyofuata wazee wangekuja kuleta mahari ya shangazi, na lazima wangepewa pombe ya wimbi. Niliachiwa chungu nikioshe kwa majivu. Mimi, kwa kupenda sifa, nikamaliza kipande kizima cha sabuni, povu likanifika viwikoni.

Nyanya aliingiza kichwa chunguni, akanusa, akakitoa polepole.

"Udongo hunywa, mama," akaniambia. "Hiki kimeshakunywa sabuni. Wageni nao wanywe povu?"

"Nitaitoa, nyanya."

Siku tatu nilichota maji mtoni, nikayachemsha na majivu, nikajaza chungu, nikamwaga, nikasugua kwa majani makavu ya mgomba mpaka vidole vikachubuka. Kila jioni nyanya alinusa, akatikisa kichwa. Sikulia. Siku ya nne hakunusa. Alinisukuma kichwa ndani ya chungu.

"Kuna nini?"

Harufu ya udongo tu, na moshi kidogo.

"Hakuna kitu, nyanya."

"Haya. Lete wimbi."

Sasa namwambia mume wangu aingize kichwa ndani ya ndoo.

"Inanukia vizuri sana," anasema humo ndani, kwa furaha.

Nabandika maji.