Makutano Ninaowajua

Harufu ya mafuta ya nyonyo hunirudishia makutano, ule umati wa watu uliomfuata Yesu. Padri akisoma Injili huwataja kama anavyotaja mvua: walikuja, wakatawanyika. Hawana majina. Mimi nawajua, nimekua nao.

Jumapili ya Matawi walizunguka kanisa letu la Masasi wakipunga matawi ya mkindu, na mbele yao alikuwa jirani yetu mhunzi, mtu wa kutokwa machozi akisikia tu jina la Yesu. Mtama ulipokwisha kuvunwa ikaja dawa, ile iliyosemwa itageuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Wakanyunyiziwa, wakapakwa mafuta ya nyonyo mpaka wakang'aa, wakaja kulichoma kanisa lile lile wakiimba kwa sauti zile zile. Mhunzi aliondoka na kitambaa cha altare kiunoni. Askari wa Mjerumani walipoingia, alijipanga njiani na wenzake, matawi mikononi, wakiwashangilia.

Mwaka uliofuata, Ijumaa Kuu, tulisali katika banda la nyasi lililojengwa palipokuwa kanisa. Desturi yetu ilikuwa waumini wote waseme maneno ya makutano wakati wa kusoma Mateso. Mwalimu wa dini, aliyenusurika kwa kujificha porini kanisa lilipochomwa, alianza kuwafundisha.

"Nikiinua mkono, pazeni sauti mseme, asulubiwe."

Mama yangu, aliyekaa nyuma ya mhunzi, hakuinua hata macho.

"Usijichoshe, mwalimu," alisema. "Hawa hawahitaji kufundishwa. Wewe inua mkono tu."