Mbegu Kwenye Vumbi

Mama amefukia mbegu zetu zote za mahindi kwenye udongo mkavu, hapa Samuye, na mvua haijaanza. Yakija manyunyu ya siku moja kisha jua likarudi, mbegu zitachipua na kufa, nasi hatuna nyingine.

Wengi huku hupanda hivyo, ili mvua ya kwanza isiwapite. Ila Mama ndiye mtabiri wa njaa nyumbani kwetu; hata ghala likijaa husema panya wameshaliona. Mwenye matumaini ni kaka yangu, mchimba dhahabu wa Katoro. Kila akipiga simu, mwamba wenye dhahabu umekaribia. Lakini alipokuja juzi, aliyeogopa ni yeye.

"Shikamoo, Mama. Zote umezimwaga kwenye vumbi? Si ungebakiza hata debe moja?"

"Marahaba. Na shimo lako, baba, limekuonyesha nini hadi leo?"

"Lile ni tofauti."

"Tofauti kweli. Mimi najua nilichofukia. Ila mvua ya mwaka huu ni ya uongo, mtaniambia."

Kaka alicheka. Mimi sikuweza. Mama haiamini mvua, na bado hakubakiza punje. Tangu siku hiyo situlii. Kila mara natoka kutazama mawingu, na sijui tena nani kati yao nimwite mwenye matumaini.

Leo alfajiri kulinyunya kidogo. Mama alifukua punje moja kwa kidole, akatuonyesha, akairudisha. Imevimba. Sasa ni saa nne, na jua linawaka.