Zuhra Amimina Gunia

Siku hizi Mpanda hakuna tatizo, kuna changamoto. Hakuna mnunuzi, kuna mdau. Zuhra, Mama Amira, muuza mchele wa sokoni, aliyabeba maneno hayo yote kutoka semina ya wajasiriamali, daftari limejaa: kujibrandi, kuongeza thamani, kupiga pichi, yaani kunadi biashara mbele ya watu. Mumewe Hamis akiuliza chakula, anajibiwa kiko kwenye mchakato. Mcheke ukitaka. Mimi namvulia kofia mama aliyeishia darasa la nne na bado anataka kujua.

Wiki hiyo shule moja ya bweni ilitafuta mtu wa kuiuzia mchele mwaka mzima. Zuhra aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Ukiipata umeachana na kukimbizana na wateja wa kilo moja moja. Waliitwa wawili. Bashiru, mwenye duka kubwa, alileta pakiti zinazong'aa, akamwaga maneno ya suluhisho na uzoefu wa mteja mpaka mwalimu mkuu akavua miwani. Zuhra alileta gunia la mchele kutoka mashamba ya Mwamkulu, naye akapiga pichi yake bila kukwama.

Kisha akafanya wanachofanya wauza mchele wanaojiheshimu, maana hakuna anayeamini mchele wa juu ya gunia. Akatandika turubai, akamimina lote.

Mchele wa chini ulikuwa na mawe. Madogo, ya mpunga ulioanikwa kwenye ardhi tupu. Gunia hilo Zuhra alilinunua kwa mkulima anayemwamini, hakulipepeta.

“Hii ni nini, Mama Amira?” mwalimu mkuu aliuliza.

Neno la semina lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

“Mawe, mwalimu. Sikupepeta. Kosa ni langu, siyo la mkulima.”

Bashiru alitabasamu. Prisila, mpishi mkuu, alichuchumaa, akaokota jiwe moja, akaligeuzageuza kiganjani. Halafu akazitazama zile pakiti.

“Na hizi je, tufungue?”

“Hapana, dada. Ukifungua unaharibu brandi.”

Prisila akainuka.

“Miaka tisa napika hapa. Kila anayeleta mchele anasema hauna mawe. Watoto wakiyatafuna, ninayetukanwa ni mimi.” Akamgeukia Zuhra. “Mama Amira, nenda kapepete, ulete Jumamosi. Wa kwako nitaupika.”