Kurasa Nne za Hitima

Mwalimu wangu alikuwa mke wa askari, na katika Rumonge ya wakati wa Mdachi hilo peke yake lilitosha watu kumwogopa. Askari akipita mtaani, kuku walifichwa. Mwalimu alikuja kwetu kutoka Ujiji na sanduku la mbao, mkeka na msahafu, akafungua chuo cha Kurani barazani kwake. Haukupita mwezi, mama zetu wale wale waliokuwa wakificha kuku wakawa wanampelekea mayai.

Huruma yake iliniudhi, niseme ukweli. Mtoto kutoka Kizuka alikuja mikono mitupu, hata ukuni mmoja wa mwalimu hakuleta, na alikalishwa mbele kama sisi. Aliyekojoa mkekani hakutajwa jina; tuliona tu mkeka umeanikwa. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwenye mdomo, na nilitaka anipende mimi peke yangu.

Mume wake alikuwa katika boma la Usumbura. Akipewa ruhusa alikuja kwa mtumbwi, akavua viatu mlangoni, akaketi nyuma yetu kujifunza alifu na be. Jitu zima, bunduki imeegemea ukutani, linahangaika na herufi ambazo mdogo wangu alishazimaliza. Tulicheka, na Mwalimu alitukaripia: "Mwacheni, anasoma huyo." Alivyomtazama mume wake wakati huo, sisi hakututazama hivyo hata siku moja. Nilimwonea wivu yule mwanamume.

Vita vya Wazungu vilipowaka kule Rusizi, mpiga kasia alileta neno kutoka kwa mume wake: kombania itaondoka Usumbura mwezi ukiandama, na wake watafuatana na waume, kwa hiyo afanye haraka. Ndivyo askari walivyokwenda vitani. Serikali ilimpa askari posho ya nafaka tu. Kuitwanga, kuipika, kuchemsha maji, kumwangalia akiugua, hiyo ilikuwa kazi ya mke, njia nzima. Asiye na mke msafarani alikula alichobahatika. Mwezi ulibakiza siku tisa, na mtumbwi, kwa kulala njiani Minago, ulichukua siku mbili, au zaidi upepo ukikataa.

"Genda kesho, Mwalimu," mama yangu alimwambia. Mama alikuwa Mrundi aliyesilimu. "Huyu mutoto atasomea kwa mwingine."

Mwalimu alinitazama. Nilikuwa nimebakiza kurasa nne nihitimu msahafu, msichana wake wa kwanza Rumonge. "Kurasa nne ni siku mbili," alisema. "Simwachi mtoto mlangoni pa hitima."

Sheria yake ilikuwa hivi: ukikosa mara tatu, ukurasa unaurudia kesho. Siku ya kwanza nilikosa kweli, machozi yalinijaa. Siku ya pili nikagundua kwamba nikikosa, haondoki. Basi nikaendelea kukosa. Nilikuwa najua kila neno, nilikuwa nayasoma jikoni kwake huku natwanga machikichi, halafu mbele yake ulimi wangu nikaufanya mzito. Alasiri nilimwona amesimama ufukweni anapima upepo kwa kiganja, na kesho yake nikakosa tena.

Siku ya saba nilimkuta na mzigo umeshafungwa. Nikajua leo anaondoka hata nikikosa, nikasoma zilizobaki zote kwa mkupuo mmoja. Alinibusu kipajini, akanivika kanga yake mwenyewe, na wali wa hitima hakuungoja.

Upepo ulikataa. Walilala Minago siku mbili. Alipofika Usumbura kombania ilikuwa imeondoka jana yake, na mlinzi wa boma hakumruhusu kushika njia peke yake. Akangoja pale pale. Baada ya wiki nyingi mke wa askari mwingine alirudi na habari. Mume wake alishikwa na kuhara damu kambi ya nne. Wanawake wa wenzake walimpa uji waume zao wakishashiba, ukibaki. Kila jioni aliuliza kama wanawake waliobaki nyuma wamefika. Walimzika kando ya njia.

Mwalimu alirudi Rumonge akakaa eda nyumbani kwetu, miezi minne na siku kumi, katika chumba cha ndani. Wanawake walikuja kumpa pole, wakasema kazi ya Mungu haina makosa, nami nikisikia hivyo nilitamani kuwatupia chungu. Kazi ya Mungu gani? Ile ilikuwa kazi yangu.

Hakuolewa tena. Alifundisha mpaka alipokufa, Mdachi ameshakwenda zake, Mbelgiji ameshazoeleka, na watoto aliowahitimisha walibeba jeneza lake wakigombania nafasi. Lakini ninayemkumbuka mimi ni yule wa chumba cha ndani, siku niliyompelekea chakula nikashindwa kuondoka.

"Mwalimu, zile kurasa nilikuwa nazijua."

Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nakusikia ukisoma jikoni. Hukosi hata irabu."

"Sasa mbona hukuondoka?"

"Nilichoka na kambi, mwanangu. Miaka sita nilibeba sufuria nyuma ya kombania kabla ya kuja hapa. Nikasema nipumzike kidogo na watoto wangu. Siku nne zina neno gani."

Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Yeye hakulia. Aliuweka ungo chini, akanishika mkono, akaniuliza taratibu, kama vile mimi ndiye mkubwa:

"Unadhani alijua nilikuwa njiani?"

Nikamwambia alijua. Naye akaniamini, mimi niliyemdanganya siku zote zile.