Maduara Mawili ya Kerende

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa dukani kununua udi. Nilikuwa nimevaa sketi mpya, vyeti vyangu vya uchoraji ramani viko kwapani, na mkuu wangu, tuliyemwita Mhandisi wa Hewa, akanitazama kidogo akasema, "Binti, nenda kwa yule mzee wa Tanga pale stendi, lete udi pakiti mbili." Nikadhani ofisi ina mgeni mkubwa. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe: unawasha kijiti, unakishika kwenye mdomo wa shimo, unaandika moshi umeelekea wapi. "Hewa haionekani," aliniambia. "Wewe unalipwa kuiona."

Hapo ni Tarime, enzi zile kila mwenye sururu alikuwa anakimbilia dhahabu ya Nyamongo. Mradi wetu ulishughulikia usalama wa wachimbaji wadogo. Baadaye ikaletwa kompyuta, na ndani yake programu ambayo hadi leo nikiieleza nachanganyikiwa mwenyewe. Unaichorea shimo. Yenyewe inalikata vipande vidogo maelfu, mfano wa wavu wa dagaa, halafu inakokotoa joto na mwendo wa hewa katika kila kipande kwa kuangalia vipande jirani. Tulichokuwa tunatafuta ni myuko, yaani ile tabia ya hewa ya moto kupanda na ya baridi kushuka bila kusukumwa na feni. Ukikosea joto la mwamba kidogo tu, jenereta ya kuwashia kompyuta imekula mafuta ya asubuhi nzima bure.

Nilihamishiwa Mugumu kwa muda, nikaazimwa kwa watu wa kilimo. Huko niliichorea programu ghala la mahindi la kijiji cha Mbalibali, ikasema hewa itatokea kwenye tundu la paa upande wa mlima. Nikapanda ngazi na udi wangu. Moshi ukatoka palepale iliposema! Nilishuka nikicheka peke yangu, na tangu siku hiyo nikaiamini ile kompyuta kupita kiasi.

Kisha nikapelekwa Kerende. Kulikuwa na maduara mawili, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao ya kushuka wima. Moja lilikuwa la Mzee Nyamhanga, jingine la kundi la mdogo wangu Marwa, tumbo moja na mimi. Midomo ya maduara hayo ilikuwa usawa mmoja, na chini kabisa njia zao zilikuwa zimetobolewa zikaungana. Kwa desturi yao, likilipuliwa moja wote wanatoka, na hakuna anayerudi hadi kesho yake, kwa sababu moshi wa baruti unaua. Kila upande ulinung'unika kupoteza siku kwa baruti ya mwenzake. Wakatuuliza: moshi unatokea wapi, ili watoke wa upande huo tu?

Nikachora, nikakokotoa. Programu hutaka kwanza uiambie hewa ilianzaje, hata kama ni kamsukumo kadogo tu. Nilipoisukuma kidogo kutoka kwa Nyamhanga, ikajibu kwamba hewa inashuka kwake na kupanda kwa Marwa. Nilipoisukuma kutoka kwa Marwa, ikageuza kila kitu. Mwamba uleule, joto lilelile! Nilirudia siku tatu, kichwa kinaniuma, nikichapisha karatasi moja na nyingine.

"Hewa ni moja, Ghati," alisema Mhandisi wa Hewa. "Itakuwaje na majibu mawili? Udi ulisemaje?"

"Unaingia kwa Nyamhanga. Mara zote."

"Basi jibu ndilo hilo. Hilo lingine libaki hukuhuku ofisini. Watu wanataka kujua watoke au wasitoke, usiende kuwachanganya."

Sikubisha. Nilisimama mbele ya wachimbaji na karatasi moja, nikawaonyesha mishale. Baruti ikilipuka, watoke wa kwa Marwa. Wa kwa Nyamhanga wakae upande wao, hewa safi itawapitia. Mzee Nyamhanga akamwambia Marwa, "Mura, kijana wangu, dada yako ametuokoa na ugomvi." Nilijisikia mkubwa siku ile, na nikiikumbuka naona aibu.

Miezi mingi ilikwenda sawa. Halafu siku moja ya jua kali kundi la Marwa lililipua, likatoka. Wakati wanasubiri, Marwa akamwaga ndoo za maji ndani ya duara lake. Wachimbaji wote walifanya hivyo kupoza shimo. Maji yanayoanguka huvuta hewa kwenda nayo chini. Sikuwaambia wasimwage, kwa sababu hakuna aliyeiuliza programu habari za ndoo. Hewa ikageuka, kama lilivyosema lile jibu lililobaki ofisini, moshi wote ukaenda kwa Nyamhanga. Walitolewa wanne. Watatu walizinduka. Mwita, mtoto wa mwisho wa mzee, hakuzinduka.

Mkaguzi wa migodi alipokuja, Marwa alisema mwenyewe: "Ni mimi niliyemwaga maji." Kila mtu akaafiki. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka alipokuwa, na karatasi ya pili iko kwenye faili langu, na nikanyamaza. Niliogopa kazi yangu, hilo nalisema wazi. Lakini pia sikujua hasa ningesema nini, maana hata karatasi niliyowapa haikuwa ya uongo. Marwa alihama Kerende akaenda kulima Machochwe. Hajakanyaga tena kule, hata kwenye misiba.

Nimestaafu sasa. Ninyi mnaoanza kazi hii mna kompyuta nzuri kuliko yetu, na kila mnaponitembelea mnaniuliza programu ipi ni sahihi. Sijui. Ile yetu ilikuwa sahihi mara mbili.

Mwezi uliopita nilikwenda Machochwe na karatasi zote mbili. Marwa alizitandika juu ya kiroba cha mtama, akafuata mishale kwa kidole, huku na huku.

"Hii ya pili ni ya lini?" akauliza.

"Siku ileile."

"Kabla hatujakutana pale?"

"Kabla."

Nikatamani anitukane. "Miaka yote hii, dada," akasema, "nikishika ndoo naiweka tena chini. Hata ya kunywesha ng'ombe." Kisha akauliza, "Sasa aliyemuua Mwita ni mimi au ni wewe?"

"Sijui, Marwa. Nimefikiri mpaka nimechoka. Sijui."

Akazikunja karatasi taratibu, akanirudishia. "Mama yake Mwita yupo hai. Twende Kerende. Lakini utakayesema ni wewe."

Tunakwenda Jumamosi. Karatasi zote mbili ziko kwenye mkoba, na udi pia nimeweka, sijui wa nini. Kila asubuhi nazitoa nazitazama, nikijaribu kuamua nimwonyeshe mama yule ipi kwanza.