Muhuri Uliolala Jumatano

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, chini ya ngazi za kupandia ukumbini, kwa hiyo madiwani walipokwenda kikaoni nyayo zao zilipita juu ya kichwa chake. Kwa miaka ishirini na sita alikaa humo akipokea malalamiko ya wananchi juu ya mwenendo wa madiwani wao, pamoja na barua za madiwani wenyewe. Jengo zima, kuanzia mhasibu hadi mfagizi, lilimwita Mzee Muhuri.

Humo ndani mlikuwa na meza, viti viwili, dirisha la vioo vilivyopangwa kama ngazi, na makabati manne ya chuma. Asubuhi jua lilipoingia kwa vipande, vumbi lilielea katikati ya chumba kama samaki wadogo wasio na haraka, naye alilitazama mpaka chai yake ikapoa. Ndipo alipowaona watu wa makabatini. Mtu mwingine angeona faili. Yeye alimwona mama aliyefukuzwa kama kuku kwenye ofisi ya diwani wake, akamwona mwenye duka aliyechaniwa barua mbele ya wateja, wamekaa ndani ya droo, magoti yamegusana, wanangoja kujibiwa. Droo ikilalamika alipoivuta, alinong'ona, "Subirini kidogo, jamani."

Walisubiri sana. Karibu faili zote ziliishia kwa maneno mawili: shauri limefungwa. Walioketi kuwahukumu madiwani walikuwa madiwani wenzao, na zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtu anakwenda kuomba kura huku amepiga magoti, akishaipata anasahau kwamba ana magoti. Mzee Muhuri aliyajua haya, lakini hakuwahi kuyasema. Kazi yake ilikuwa kuandika.

Na aliandika kwa namna yake. Kwanza penseli, kwa maneno ya mlalamikaji mwenyewe, bila kuyapaka poda. Kisha alifumba macho, akayasema yote kwa kichwa, polepole, kama mtu anayesimulia ndoto ya mwenzake. Mlalamikaji akiitikia, "Ndiyo, ni mimi huyo," ndipo alipopitisha wino juu ya penseli na kugonga muhuri wa tarehe. Magurudumu ya muhuri huo aliyazungusha mwenyewe kila asubuhi kabla hajavua koti. Hakuwahi kukosea hata siku moja, na jambo hilo lilimpa fahari kuliko nywele zake za ujanani.

Alhamisi moja, miezi mitatu kabla ya kustaafu, mlango ulifunguliwa bila hodi. Akaingia mwanamke wa makamo, utepe wa kupimia ungali shingoni, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Juu, ukumbini, mkutano wa madiwani na wananchi ulikuwa haujaisha. Kicheko kilishuka kwenye ngazi nyuma yake.

"Karibu, dada. Kaa."

"Sikai. Nikikaa nitalia, na sikuja hapa kulia."

"Basi lia umesimama. Penseli yangu haina haraka."

Akacheka bila kutaka, akakaa.

Alikuwa fundi cherehani. Mbele ya vibanda vyao mtaro wa maji machafu ulikuwa umeziba kwa miezi mitano, na nguo za wateja zilinuka kabla hazijavaliwa. Siku hiyo alisimama mkutanoni akamuuliza diwani wa kata yake mtaro utazibuliwa lini.

"Akaniambia, 'Wewe fundi, kashone mdomo wako kwanza.' Ukumbi mzima ukacheka, Mzee. Hata mteja wangu alicheka, tena amevaa gauni nililomshonea mimi!"

"Unataka afanywe nini?"

"Sitaki afukuzwe. Palepale alipokaa akanitukana, asimame aniombe radhi, watu wakiwepo. Basi."

Mzee Muhuri akafumba macho, akaanza kumsimulia fundi habari zake. Alipofika kwenye gauni la mteja, fundi aliziba mdomo kwa kiganja.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Ni mimi huyo."

Wino ukapita. Muhuri ukagonga, kop! Faili ikaingia kabati la tatu.

Wiki tatu baadaye ulikuja utetezi wa diwani, ukurasa mmoja tu. Mzee Muhuri aliusoma mara tatu, na kila mara meza ilizidi kwenda mbali naye. "Mkutano ulifanyika Alhamisi," diwani aliandika. "Malalamiko haya yamepokelewa Jumatano. Mlalamikaji alilalamika kabla ya kuambiwa neno. Hii ni njama. Naomba yatupwe."

Akafungua faili. Ni kweli, muhuri ulisema Jumatano. Asubuhi ile ikamrudia yote: mvua ilikuwa imekatika, mwanga wa dirishani una rangi ya maji ya mchele, naye ameketi na koti lake akitazama vumbi likielea, akiwaza siku ambayo hatakuwepo kulitazama. Muhuri hakuugusa. Uliachwa umelala Jumatano, yeye peke yake akaamkia Alhamisi.

Na malalamiko mapya hayakuwezekana. Kanuni ilitoa siku kumi na nne, nazo zilikuwa zimekwisha.

Adhuhuri diwani mwenyewe aliteremka ngazi, manukato yakimtangulia.

"Shikamoo, Mzee wangu."

"Marahaba, Mheshimiwa."

"Kazi nzuri. Nawaambia wenzangu, yule mzee ni saa ya ukutani, hakosei."

"Saa nayo husimama, Mheshimiwa."

Diwani akatabasamu, akaweka kiganja juu ya faili kama mtu anayemtuliza mbwa. "Kikao ni keshokutwa. Hakuna atakayekuuliza kitu. Wewe kaa kimya, ustaafu na jina lako safi. Tutakuandalia sherehe, nami nitatoa hotuba."

Alipoondoka, makabati yalikuwa kimya kwa namna ambayo Mzee Muhuri hakuizoea. Ilikuwa kama watu wa droo wamesimamisha pumzi wamsikilize.

Jioni, kizingitini kwao, alimsimulia mkewe aliyekuwa anakunja nguo zilizokauka.

"Wewe?" mkewe alishangaa. "Wewe uliyeangalia tarehe ya cheti cha ndoa mara mbili, shehe anakungoja?"

"Mimi huyohuyo. Nikisema, miaka ishirini na sita yote inachafuka. Nisiposema, yule mama anaonekana mwongo."

Mkewe alikunja shati, akalipigapiga likalala sawa. "Baba watoto, diwani alimwambia fundi akashone mdomo, fundi akakataa. Leo kakwambia wewe, naona umeshatunga uzi."

Alilitazama anga likigeuka rangi mpaka kuta za nyumba za jirani zikawa kama zinaelea, na moyoni akaanza kuandika kwa penseli.

Siku ya kikao wajumbe watano waliketi kwenye viti vya mito, na katikati yao mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba. Walalamikaji walisimama karibu na dirisha, pasipo kiti. Fundi alikuwa hapo na utepe wake shingoni. Mzee Muhuri, ambaye kwa miaka yote alikaa mezani kwa katibu, alipita meza hiyo, akaenda kusimama kando ya fundi.

"Mzee, umepotea?" mjumbe mmoja alitania. "Mahali pako ni huku."

"Leo nimekuja na malalamiko yangu, Mheshimiwa. Namlalamikia karani wa malalamiko."

Wakacheka, kisha wakaona kwamba yeye hacheki. Akafumba macho. Sauti yake ikaenda polepole kupitia mvua iliyokatika, mwanga wa maji ya mchele, koti lisilovuliwa, magurudumu yasiyoguswa. Ukumbi ukamfuata ndani humo. Hata feni ilionekana kupunguza mwendo.

"Kila karatasi niliyoipokea Alhamisi ile ina tarehe ya Jumatano," alimalizia. "Mojawapo ni barua ya Mheshimiwa mwenyewe, ya kuomba ruhusa ya wiki, aliyoileta kabla ya mkutano. Yeye kaandika Alhamisi kwa mkono wake. Mimi nimegonga Jumatano juu yake."

Akafumbua macho, akaiweka barua mbele ya mwenyekiti. Mwenyekiti aliinua miwani, akalinganisha mihuri miwili, akamgeukia diwani.

"Au nawe uliomba ruhusa siku moja kabla ya kuiandika?"

Safari hii ukumbi ulimcheka mwingine.

"Muhuri ulilala," mwenyekiti alisema. "Mama huyu alikuwa macho. Malalamiko ni halali, tuyasikilize."

Yalisikilizwa, mashahidi wakaitwa, hata mteja wa gauni alikuja akisema huku ameinamisha uso. Katika mkutano uliofuata wa wananchi, diwani aliagizwa kusimama. Alianza kwa kuziambia ncha za viatu vyake.

"Sisikii, Mheshimiwa," fundi alisema kutoka safu ya nyuma.

Diwani akainua kichwa. "Nilikutukana, mama, na ulikuwa umeuliza la haki. Naomba radhi."

Mzee Muhuri naye alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika faili yake iliyokuwa nyeupe kama sahani. Aliipokea mwenyewe, akaangalia tarehe mara mbili, akaigonga.

Alikuwa bado ameushika muhuri fundi alipoingia, safari hii kwa hodi.

"Umeyaandika aliyoyasema diwani?"

"Kwa penseli."

"Nisomee."

Mzee Muhuri akafumba macho. Kupitia vioo jua lilikuwa linaingia kwa vipande, na vumbi lilielea juu ya vichwa vyao. Aliyasema maneno yale polepole, hata yale ya mwanzo yaliyoambiwa viatu. Alipomaliza, alihisi katika kabati la tatu mtu mmoja akinyanyuka, akijikung'uta gauni, akitoka.

"Ndiyo," fundi alisema. "Nilijibiwa hivyo."

Mzee Muhuri akachukua kalamu ya wino.