Dada Alivyopiga Magoti Mbamba Bay

Riwaya za kutoroka mimi sizipendi. Nikiona kitabu kina mwanamke wa gauni pana na meli ya matanga juu ya jalada, nakipa mgongo, na wenzangu hudhani najidai msomi. Si hivyo. Niliwahi kumsindikiza mtu aliyetoroka kwa kufuata kitabu cha aina hiyo, na kitabu chenyewe hakikuwa kimetueleza lolote la maana.

Kilikuwa kinene, cha Kiingereza. Dada yangu alikipata gulioni Mbinga, miaka ile mitumba ilipoanza kumwagwa chini kama mahindi ya kuanika, na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao kugombania kahawa yetu. Yeye alikuwa amemaliza kidato cha nne, mimi nilikuwa bado darasa la saba. Tukiwa tunapalilia, alinisimulia kwa Kimatengo, sura baada ya sura. Zamani za kale huko Ulaya, binti wa bwana mkubwa amefungiwa ngomeni ili aolewe na mzee asiyemtaka, na nahodha anayempenda anamsubiri pwani. Binti anavaa nguo za mtunza farasi, anapita katikati ya askari, anapanda meli, anakwenda zake. Nilikuwa naacha jembe nasikiliza, mpaka mama anatupigia kelele kutoka jikoni.

Sikujua kwamba mwenzangu hasimulii tu, anapanga.

Baba alikuwa amemkubalia mmoja wa wale wanunuzi wa kahawa amwoe dada, mtu mzima aliyefiwa na mke. Dada naye alikuwa na wake, baharia wa meli ya ziwani, kijana wa Mbamba Bay waliyefahamiana tangu shuleni. Baba hakutaka hata kumsikia. Kwanza Mnyasa wa ufukweni, pili Mwanglikana, na sisi watu wa milimani tulikuwa Wakatoliki mpaka kwenye uji.

"Jumamosi meli itakuwepo," dada aliniambia. "Utanisindikiza mpaka majini. Mimi nitavaa suruali ya kaka. Wewe utakuwa mke wangu."

Nilicheka. Kisha nikaona hacheki, na tumbo likaanza.

Ugomvi wangu na yule mwandishi ulianzia hapo. Binti wake aliruka mitaro, akalala msituni, akapigwa mvua, na hakuna ukurasa hata mmoja uliotaja kwamba mtu akiogopa tumbo linamwendesha. Asubuhi ile nilikwenda chooni mara nyingi hadi mama akauliza nimekula nini. Tuliaga kwamba tunakwenda Kigonsera kwa shangazi. Nyuma ya mashamba dada akavaa suruali na koti la mitumba la kaka, na kofia juu. Nywele hazikuwa taabu, maana bado alikuwa na zile fupi za shule. Mimi nikajifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Nilipomtazama niliona mwanaume kweli, ingawa mwembamba, hana mbele wala nyuma.

Lori la mahindi lilitupakia. Tulikaa juu ya magunia, na utingo akanitazama ninavyotetemeka.

"Bwana, mkeo anaumwa?" akamuuliza dada.

Dada akakohoa, kwa sababu sauti yake ingetuumbua.

"Ana mafua," nikajibu mimi.

"Nimemuuliza yeye, shemeji." Akaendelea kututazama. Niliomba Salamu Maria zote nilizozijua, na nilipozimaliza nikaanza upya. Breki zilinuka moshi njia nzima ya mteremko, lakini mimi nilimwogopa utingo kuliko korongo.

Kumbe huko nyumbani mambo yalishaharibika. Shangazi mwenyewe, yule wa Kigonsera, alitokea na kikapu chake cha mboga kuja kutusalimia. Baba akajua ni yule baharia, na baba mdogo akaazima Land Rover kwa mtu.

Mbamba Bay wakati ule meli haikugusa nchi kavu. Ilitia nanga mbali, na boti ndogo zilibeba abiria kuwapeleka. Siku hiyo mwera ulikuwa unavuma, ule upepo wa kusini unaolichafua ziwa, na boti zilikuwa zinapanda na kushuka hadi nikahisi kutapika nikiwa nimesimama mchangani. Baharia wa dada alikuwa melini. Alikuwa amemwagiza apande tu boti, asiulizeulize watu. Tukasimama kwenye foleni.

Ndipo Land Rover ikafika, na baba mdogo akashuka.

Nilijifunika kanga mpaka machoni. Dada akageuza uso kwenye maji. Baba mdogo alipita foleni nzima akitazama nyuso za wanawake, mmoja mmoja, maana alikuwa anatafuta wasichana wawili. Alinitazama macho, akamtazama huyo mume wangu mgongoni, akapita. Alipita kweli. Akaenda kuwauliza akina mama waliokuwa wanaanika dagaa. Boti ikaja, waliokuwa mbele yetu wakaanza kuingia, na mimi nikaanza kupumua.

Bibi kizee mmoja akaja kusimama karibu yetu na mzigo wake. Nikapiga magoti, nikamwamkia. Hapo hakuna kosa, mimi si mke wa mtu? Lakini pembeni yangu, mume wangu naye akashuka chini, magoti yote mawili mchangani, viganja vimekutanishwa, macho chini.

"Shikamoo bibi," akasema, kwa sauti yake ileile.

Kwetu msichana hufundishwa hilo akianza tu kutembea. Mwanaume huvua kofia akainama kidogo, basi. Dada alikuwa amewaza juu ya suruali, amewaza mwendo, amewaza sauti. Magoti aliyasahau. Yalikwenda yenyewe.

"Marahaba," bibi akajibu, kisha akabaki ameduwaa. Mama mmoja wa dagaa akaangua kicheko. "Na huyu kijana kafundwa na shangazi gani?" Kicheko kikasambaa, na watu wote wakageuka kutazama mwanaume anayepiga magoti. Baba mdogo akageuka pia.

Dada alikimbia. Aliingia majini mpaka kiunoni, akaishika boti iliyokuwa imeshasukumwa, watu wakamvuta. Mimi nilikimbia pia, sijui nilikuwa nakwenda wapi, na baba mdogo akanidaka kanga. Alipiga kelele boti irudi, lakini upepo uliyala maneno yake. Wimbi likainyanyua boti, likaibwaga, na nikaona kofia inaelea. Niliona kofia, sikuona kichwa. Wimbi lingine likaja, boti ikapotea nyuma yake, na kabla haijatokea nilikuwa nimeshageuzwa shingo ninasukumwa kwenye gari.

"Niache nione," nilimsihi. "Baba mdogo, niache nione tu." Akafunga mlango.

Niliondoka nyumbani nikiogopa fimbo, na sasa niliitamani.

Tulifika wanaume wa ukoo wakiwa wamekaa kwenye sengu, pale wanapokula pamoja na kuamua mambo ya nyumba. Nilipiga magoti mlangoni. Hakuna aliyetafuna.

"Ulimwona anapanda meli?" baba akauliza.

"Sikumwona, baba."

"Boti ilifika?"

"Sijui."

"Maji yalikuwaje?"

Ningeweza kudanganya, na sikuweza. "Makubwa," nikasema. "Kofia yake ilianguka."

Baba alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani. Akasimama, akavaa koti lake, akamwambia baba mdogo awashe gari. Baba mdogo akasema giza linaingia na njia ni mbaya.

"Ni wewe uliyemkimbiza majini," baba akamjibu. "Washa gari."

Baba alibaki Mbamba Bay, hakurudi mpaka meli iliporudi kutoka kaskazini. Siku hizo sitaki kuzikumbuka. Mama alisali rozari bila kunitazama. Kila lori liliponguruma barabarani tulisimama wote, tukasubiri lipite, tukakaa. Sikuweza kunywa maji bila kuiona ile kofia.

Alirudi mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Mama alitoka jikoni. Baba akakaa kwenye kigoda.

"Kafika," akasema. "Nimezungumza na huyo Mwanglikana wake. Kalowa tu. Yuko Itungi, bandari ya kaskazini, kwa dada wa huyo bwana."

Akaomba maji ya kunawa. Alikula ugali wote uliokuwepo. Kisha akakata fimbo kwenye mbuni wa shambani, akaniita nje, akanichapa kisawasawa. Nililia kwa sauti hata majirani wakaja kuniombea msamaha, na baba akaniacha, akidhani ninalilia fimbo.